Peni zangu za mti wa kahawa zinapendeza ila zinakwaruza, niweke rifili gani iteleze?

MkerezajiTukuyu

Habari za jioni wadau, naombeni msaada wenu hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima.

Mimi nakereza peni za mbao hapa Tukuyu, mwaka wa tatu sasa. Nilianza na vipande vya mninga vilivyokuwa vinabaki kwa seremala jirani yangu, alafu nikahamia kwenye mti wa kahawa kutoka Mbozi, ile mikahawa ya zamani wakulima wanayoikata ili ichipue upya, aisee ule mti ni mgumu, umeshikana, ukiupiga msasa kuanzia namba 120 mpaka 600 unaanza kung'aa wenyewe hata vanishi hujagusa. Vyuma naagiza seti kutoka Dar, ule mtindo mwembamba wa kuzungusha, bomba la ndani la shaba milimita 7.

Sasa wiki iliyopita alikuja mzee mmoja aliyeninunulia peni mwezi wa tatu kwa ajili ya kusainia mambo yake ya kikundi. Akaniambia kijana wangu peni yako nzuri sana, wageni wakija nawaonyesha, ila kuandika naandikia ya mia tano. Hakusema kwa ubaya, alisema tu kama anavyosimulia habari za shamba. Nikamwomba aandike mbele yangu, kweli nikaona anakandamiza, kidole cha shahada mpaka kinabadilika rangi, na karatasi inatoa sauti krrr krrr.

Mimi natumia siku nzima kwenye peni moja, kutoboa, kugundisha bomba, kukereza, msasa, kung'arisha, alafu mtu anaiweka mezani kama pambo? Hapana. Nataka peni yangu ndo iwe ile anayoitafuta mfukoni kwanza. Swali langu sasa, tatizo ni wino? Niweke rifili ya jeli? Kuna aina gani inateleza vizuri na inapatikana huku kwetu au hata kwa kuagiza Dar? Rifili zilizopo ni zile zinazokuja na seti yenyewe, hazina hata jina.

KigololiIringa

Mkuu kazi yako lazima iwe nzuri, mti wa kahawa naujua, nshawahi kuukereza mpini wa kisu. Ila kabla hujaagiza chochote, fungua hiyo peni utoe rifili uishike mkononi, maana hapa ndo watu wengi tunaingia mkenge.

Hiyo seti nyembamba ya bomba la milimita 7 inatumia rifili ya mtindo wa Cross, yaani kijiti chembamba cha chuma, kwa juu kina kichwa cha plastiki chenye nyuzi kama skrubu, unakiskurubu kwenye kile chombo cha kuzungushia. Ni rifili nzuri tu ila uchaguzi wa wino ni mdogo, kiwanda kinachotengeneza umbo hilo ni wachache ukilinganisha na umbo lingine. Hilo lingine ni mtindo wa Parker, lenyewe nene, unene kama milimita 6 na urefu wa sentimita 9.8 hivi, hilo karibu kila mtu duniani anatengeneza, Wajerumani, Wajapani, Wahindi, Wachina, na wino wa kila namna.

Na hapo kuna mtego wa jina. Hilo umbo la Parker kwenye vipimo vya kimataifa linaitwa G2. Wakati huohuo kampuni ya Pilot ya Japani ina peni yao ya jeli inaitwa G2 pia, na rifili yake ni ndefu zaidi, haiingii kabisa kwenye peni ya mtindo wa Parker. Mimi niliagiza dazeni nzima nimeandika tu "G2" kwenye oda, zikaja ndefu, nikabaki nazo mpaka nilipoanza kutengeneza zile peni nene za kifuniko ndo nikazitumia, na hata huko ilibidi nikate plastiki kidogo kwa nyuma kwa wembe. Kwaiyo ukiagiza usiseme G2 peke yake, sema mtindo wa Parker, au tuma picha yenye rula pembeni.

Kuhusu wino sasa. Kiukweli wino wa kigololi wa kawaida ni wa mafuta na ni mzito makusudi. Yule László Bíró wa Hungaria aliyepata hataza mwaka 1938, shida yake kubwa ilikuwa hiyohiyo, wino mwepesi unavuja kuzunguka kigololi, wino mzito hauvuji ila unataka ukandamize. Tangu siku hizo mpaka leo wino wa kawaida unakutaka uusukume kwa mkono, ndo maana mzee wako kidole kilibadilika rangi. Jeli ilikuja baadae, Sakura wa Japani ndo waliiingiza sokoni mwaka 1984, hiyo msingi wake ni maji, inateremka yenyewe. Alafu kuna hawa wa katikati ambao mimi ndo nawapenda, bado ni wino wa mafuta ila umelainishwa sana. Kampuni ya Uni ya Japani wana Jetstream, kwao iliingia sokoni 2006, na rifili yake ya umbo la Parker inaitwa SXR-600. Wajerumani wa Schmidt wana EasyFlow 9000, umbo hilohilo. Hizo mbili ukiziandikia mara ya kwanza utadhani karatasi imepakwa sabuni.

Ushauri wangu, seti zijazo hamia kwenye zile nene kidogo za mtindo wa Parker. Chagua rifili kwanza, alafu seti ndo ifuate rifili, alafu mbao ndo ifuate seti. Wengi tunaanza na mbao.

MkerezajiTukuyu

Asante sana mkuu, hilo la kuanza na rifili sijawahi kulifikiria kabisa. Nimetoa, ni kweli, nyembamba na ina nyuzi juu. Ila nina seti kama 30 zimebaki za huo mtindo mwembamba siwezi kuzitupa, nataka nazo ziandike vizuri. Na jeli mnaionaje? Wateja wangu wengi ni walimu na watu wa maofisini.

MwalimuBaridi

Kamwene wote. Kaka mkerezaji mimi ni mwalimu huku Njombe, peni ndo jembe langu, acha nikwambie upande wa anayeandika maana nyie mafundi mnaongea vyuma.

Mwezi wa sita na wa saba huku asubuhi baridi inauma, nikifika darasani saa moja na nusu peni ya kawaida haitoi wino mpaka niipashe. Naiviringisha katikati ya viganja hivi kama mtu anayepekecha moto, au naiweka mfuko wa ndani wa koti tangu nyumbani. Wino wa mafuta ukipoa unakuwa mzito zaidi, kwaiyo peni inayokwaruza kidogo huko kwenu mchana, kwangu asubuhi inagoma kabisa. Ukiuza peni Njombe au Makete lazima uijaribu asubuhi na mapema ikiwa imelala nje ya nyumba, usiijaribu mchana juani alafu useme inateleza.

Jeli nimetumia. Baridi haiisumbui sana na mkono hauchoki, hilo naikubali kwa moyo wote, nasahihisha madaftari tisini na kitu kwa siku kwaiyo najua nachosema. Ila ina mambo yake. Daftari za watoto karatasi ni nyembamba, jeli ya ncha nene, milimita 0.7 au 1.0, inaonekana upande wa pili, mtoto hawezi kuandikia nyuma. Inachelewa kukauka, nina wanafunzi wanaotumia mkono wa kushoto na mimi dada yangu pia ni wa kushoto, mkono unapita juu ya maandishi mabichi yanafutika yote. Na rasharasha za huku, tone moja tu limeangukia kwenye lesoni plani, maneno yanatawanyika kama chai. Alafu inaisha haraka, unaona kabisa kwenye mrija inavyoshuka wiki kwa wiki.

Kitu kingine ambacho hujauliza ila walimu na makarani watakuuliza. Kitabu cha risiti cha kaboni. Ukiandika na jeli unaandika kwa mkono mwepesi kwaiyo nakala ya chini inatoka hafifu, mwisho wa mwezi unahesabu michango ya wazazi hujui hiyo ni tatu au nane. Peni ya risiti lazima iwe kigololi cha mafuta.

Kwaiyo mimi baada ya kuzunguka kote nimetulia kwenye hizo za katikati alizosema kaka wa Iringa, 0.7. Inateleza, inakauka upesi, ukikandamiza kaboni inakubali, na asubuhi ya baridi inaanza baada ya duara mbili tatu. Ila yangu ni ya plastiki. Kama kuna mtu ataniwekea wino huo ndani ya mti wa kahawa naomba niwe wa kwanza kwenye foleni.

FundiMzeeUyole

Kijana wangu wa Tukuyu, ugonile. Nimesoma yote, wenzako wamesema kweli, lakini usikimbilie kununua wino kabla hujaangalia peni yenyewe. Hiyo krrr krrr uliyoisikia, kigololi hakilii hivyo. Kigololi kikiwa kikavu kinaruka-ruka na kuacha mapengo. Kinacholia krrr ni chuma kwenye karatasi.

Fanya hivi. Chukua maka peni nyeusi, paka ile pua ya chuma, kile kipande cha mbele kinapotokea wino, kizungushe chote kiwe cheusi. Alafu andika mistari kumi kama unavyoandika siku zote, peni ukiilaza jinsi watu wanavyoilaza. Angalia ule weusi. Ukikuta umefutika upande mmoja, basi pua ndo inayokwaruza, ncha ya rifili imetoka kidogo mno. Na kwenye karatasi, inamisha dhidi ya mwanga wa dirisha, utaona mstari mkavu unaong'aa pembeni ya maandishi hauna wino.

Kwenye hizo peni nyembamba, ncha itoke kiasi gani inategemea ulivyokikandamiza kile chombo cha kuzungushia ndani ya bomba la chini. Ukikiacha juu, ncha inachungulia tu. Ukikizamisha sana, ncha haitarudi ndani mtu akizungusha, itachafua mifuko ya watu, na kukitoa tena ni kazi, mara nyingi unapasua mbao. Kwaiyo kandamiza kidogo, skurubu rifili, zungusha utazame, toa, kandamiza tena kidogo, tazama. Usifuate ile alama iliyochorwa kwenye chombo peke yake, kwasababu ukishasawazisha ncha za mbao kwa msasa urefu wa bomba unabadilika, hata milimita moja inatosha kuharibu.

Pili, chungulia ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Supaglu ikiingia ndani inakauka kama kitonge, rifili inapita kwa shida na kukaa upande. Mimi naziba midomo ya bomba kwa nta ya mshumaa au kipande cha kiazi kibichi kabla sijapaka gundi, nikimaliza natoboa na msumari. Kiazi kinapatikana kila mahali huku kwetu.

Tatu, tundu la pua likiwa kubwa kuliko ncha, rifili inacheza. Mtu akianza kila herufi anasikia tik ndani ya kidole. Hata uweke wino wa Ujerumani atakwambia haitelezi. Zungusha selotepu mara moja kwenye rifili karibu na mbele, mara moja tu, ikizidi itakwama.

DukaKabwe

Mimi nauza steshonari hapa Mbeya, naongezea machache kutokana na ninayoyaona kaunta.

Rifili ina umri. Zile zisizo na jina zinakaa stoo miaka, wino unakauka mdomoni, mteja anasema mbovu. Kabla hujaiweka kwenye peni ichoree duara kama ishirini kwenye karatasi safi, karatasi ambayo haijashikwa na mikono yenye mafuta au losheni, maana kigololi kikipita kwenye mafuta kinateleza bila kuzunguka na hapo hakitoi wino. Nyingine zinakuja na kitone cha nta ya rangi kwenye ncha, kitoe kwanza, nimeshaona mtu anarudisha rifili nzima kwasababu ya hicho kitone.

Kuna wanaouliza ile Fisher ya wanaanga. Ni kweli, ilitengenezwa na Paul Fisher, ikaenda na Apollo 7 mwaka 1968, imefungwa na gesi ndani inayousukuma wino, inaandika hata ukiwa umelala chali na peni inaangalia juu, na kwenye baridi wanasema mpaka nyuzi 34 chini ya sifuri. Umbo la Parker inaingia, ina kikofia kidogo cha plastiki cha kuongezea nyuma. Lakini kaka anatafuta kuteleza, na wino wa Fisher ni mzito kidogo unaposhika, na bei iko juu. Mimi ningemuwekea mtu wa porini, mpima ardhi au askari wa hifadhi kule Kitulo, karani hapana.

Na kwa watu wa kusaini mikataba, angalia kama rifili ina maandishi ISO 12757-2, hiyo namba 2 ya mwisho maana yake wino umepimwa kwa nyaraka, hautoki kirahisi kwa maji wala dawa. Jeli zenyewe namba yake ni 27668-2.

MkerezajiTukuyu

Shikamoo mzee wangu wa Uyole. Ndaga fijo.

Jana usiku nimefanya ile ya maka peni na peni tano zilizokuwa dukani. Nne kati ya tano weusi umefutika upande mmoja, kipande kama ukucha wa mtoto, chuma kimebaki cheupe. Nikainamisha karatasi dirishani leo asubuhi, mstari mkavu uko palepale, pembeni ya kila herufi ndefu, kila l na kila h. Miaka mitatu nauza peni nikiandika kajina kangu tu kama jaribio nikiwa nimeisimamisha wima, na wima pua haigusi. Watu wanailaza.

Nimekandamiza moja kidogo kidogo kama ulivyosema, nikawa napima kwa rula, mwanzo ncha ilikuwa inatoka milimita moja na ushee, nikaipeleka karibu na tatu, nikaacha hapo maana ikizungushwa bado inaingia yote. Krrr imeisha. Imeisha kabisa. Nimeandika ukurasa mzima wa kaunta buku nikiwa nimeilaza mpaka mke wangu akaniuliza naandika barua kwa nani. Peni moja ilikuwa na gundi ndani, nimeikwangua na keekee ya mkono taratibu.

Leo mchana nimeshuka kwa mzee nikamwomba peni yake nikaitengeneza pale barazani kwake. Ameandika, ameangalia, ameandika tena, akaichomeka mfuko wa shati. Hajasema kitu ila ile ya mia tano imebaki mezani.

Sasa wino bado ni mzito kidogo, hilo nalo nimeliona vizuri baada ya kelele kuisha. Kwaiyo hizi 30 nyembamba nitazimaliza na rifili za Cross mpya zenye jina, na naanza kuagiza seti za Parker kwa ajili ya SXR-600 au hiyo ya Schmidt. KigololiIringa, mkuu, wewe unaagiza wapi? Dukani Mbeya sijaziona.

KigololiIringa

Aisee safi sana, na mzee wa Uyole heshima yako, hiyo ya maka peni mimi pia naifanya leo jioni kwa zangu zote.

Naagiza kwa jamaa mmoja Kariakoo, hana nyingi kwa wakati mmoja, kwaiyo nachangisha na wenzangu tunapata nauli ya mzigo rahisi. Wiki ijayo natuma oda. Niambie idadi kabla ya Ijumaa ntakuwekea kwenye basi la Mbeya. Anza na chache, nyeusi na bluu za 0.7, na mbili za 0.5 kwa wanaoandika herufi ndogo, ujaribu na mbao zako kabla hujajaza stoo. Na 0.5 usimpe mtu anayeandikia karatasi za kijivu, ncha ndogo inachimba nyuzi za karatasi na unarudi kulekule kwenye kukwaruza.

MwalimuBaridi

Na mimi niandikieni nyekundu mbili, kaka wa Iringa zangu zishuke Makambako nitazifuata mwenyewe, peni kaka mkerezaji atanitumia baadae. Naomba iwe nene kidogo pale vidole vinaposhika, asubuhi huku tunaandika na glavu.

MkerezajiTukuyu

Mwalimu yako naanza nayo kesho, nina kipande cha mkahawa chenye mstari mweusi katikati nilikuwa nakificha tu. Nikiimaliza naiacha nje usiku mzima, alfajiri ndo naijaribu. Kigololi niwekee nyeusi nne, bluu nne na 0.5 mbili.